Kidole Gumba cha Mtoga Masikio

Mwanamke yeyote wa mtaani kwetu akikwambia hajawahi kumlilia mtoga masikio, mtazame masikio kwanza. Kama yana matundu, mwongo huyo. Kuanzia Kibokoni mpaka ukaribie Ndia Kuu, mabibi wenye heshima zao, walimu wa madrasa, hata yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa ambaye hapunguzii mtu bei, wote wamewahi kukaa juu ya kigoda kile kifupi jikoni kwake, wakipiga mayowe kama paka aliyekanyagwa mkia.

Nasaba yake sitaitia hapa. Mji wa Kale ukianza kuhesabiana mababu, chai hupoa.

Alitoga siku za Alhamisi, baada ya alasiri, kwa sababu mtoto aliyetogwa Alhamisi, alisema, Ijumaa akivishwa nguo mpya huwa keshasahau. Alikuwa na sindano moja ya chuma, nene kidogo kuliko ya kushonea, aliyoiviringisha ndani ya kitambaa cha kijani. Aliipitisha kwenye moto wa mshumaa, akaifuta kwa kipande cha ndimu, akatia uzi mweusi uliochovywa mafuta ya nazi. Kisha, na hili ndilo ambalo kila mtu analikumbuka, alijichoma mwenyewe. Kwenye ncha ya kidole gumba cha kushoto. Tone likatoka, jekundu kama punje ya komamanga, akamsogezea mtoto machoni.

"Waona? Nimekufa? Sikufa. Mimi kwanza, kisha wewe."

Akafuta kidole kwa pindo la leso, sindano ikaenda sikioni. Na hapo hapo angekuuliza swali la kipuuzi: "Ati paka wenu kazaa wangapi?" Kabla hujawahesabu, uzi ushapita.

Watu wazima walikuwa wakileta watoto kutoka ng'ambo ya Feri, ilhali huko kwao kuna maduka ya dawa yanayotoboa masikio kwa bastola ndogo, tap, kwisha. Hawakuitaka bastola. Walikitaka kidole kile. Mtoto aliyeona mtu mzima anatoka damu kwa ajili yake hakuogopa tena, au aliogopa kwa adabu.

Damu ya sikio ikichuruzika hadi shingoni na mtoto akataka kuzirai, alikuwa na neno lake: "Damu ya sikio si damu." Akalisema kwa uhakika hivi kwamba hata damu yenyewe ilionekana kuona haya ikaacha kutoka.

Halafu kulikuwa na jambo la ndugu wa sindano. Wasichana walitogwa wawili wawili, sindano ile ile, bila kurudi motoni katikati. Msidhani ni uvivu. Hiyo ndiyo ilikuwa maana yenyewe. Waliotogwa kwa moto mmoja ni ndugu wa sindano mpaka kaburini. Mmoja akiolewa, mwenziwe ndiye humvisha vipuli, na wakigombana, hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuingilia isipokuwa yeye mtogaji. Nimewaona mabibi wawili wa miaka sabini wamenuniana kwa sababu ya sufuria, wakaitwa jikoni kwake, wakakalishwa kwenye kigoda kimoja, nusu tako kila mmoja, mpaka wakacheka.

Ndugu yangu wa sindano ni Mwende. Babake ni karani bandarini Kilindini, Wakamba, watu wa kanisa, wanakaa nyumba ya nyuma yetu. Mamake alipouliza kwa woga kama mtoto wa Kikristo naye hutogwa, mtogaji alimkodolea macho. "Sikio lina dini gani? Mlete." Tulikuwa na miaka kumi na moja na tulikuja kutaka tundu la pili, lile la juu. Zamu ilikuwa ya Mwende. Akaona sindano, akawa rangi ya unga. Mimi nikamsukuma kwa nyonga nikakaa, maana sikuzote napenda kuwa mbele ya watazamaji.

Mtogaji akajichoma, akanionyesha tone.

"Bibi, hicho kidole cha mpira," nikasema. "Choma tena nione."

Wanawake waliokuwepo wakashika vinywa. Yeye akacheka mpaka mabega yakatikisika, akajichoma mara ya pili, kwa nguvu, damu ikashuka hadi kwenye kiganja. "Umeridhika, Masihara?" Jina hilo ndilo nililotoka nalo siku ile, pamoja na tundu. Nikapiga ukelele wa maonyesho, muuza kahawa aliyekuwa akipita nje akaangusha kikombe. Kisha Mwende akakaa, sindano ile ile. Nimeusimulia mkasa ule mara nyingi sana, na kila mara watu walicheka. Siku hizi siusimulii, isipokuwa hapa.

Mtu huyu aliyewachoma nusu ya mji aliogopa sindano ya daktari kama mwizi anavyoogopa mwezi. Wahudumu wa afya walipopita nyumba kwa nyumba na chanjo, alijifungia ndani. Wakabisha. "Hakuna mtu!" akapiga kelele. Wakauliza, basi anayesema ni nani? "Mimi mpangaji!" Mmoja wa wale wahudumu alikuwa ametogwa naye, akaitambua sauti, akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi. Hakuchanjwa.

Na ule usafi wake! Viatu viliishia mlangoni. Ngazi za nje alizipiga maji asubuhi na jioni. Nyumba ambayo paka hupanda mezani hakula kitu, alisema amefunga. Lakini sindano ilikuwa moja, na moto ulikuwa wa kupitisha tu, kama mtu anayepita mbele ya msikiti bila kuingia. Hakuna aliyeliona hilo. Mimi ambaye naona kila kasoro ya kila mtu sikuliona.

Masikio yake mwenyewe yalikuwa kichekesho. Tundu moja juu, jingine chini, vipuli vikaning'inia kama mizani ya muuza nyama. Alisema bibi aliyemtoga alikuwa akitazama harusi dirishani. "Ndipo nikaapa, nikimtoga mtu sitatazama pengine."

Kuchoka alichoka siku zote. Ukimwamkia, "Shikamoo bibi, hali?" hujibu, "Marahaba. Nimechoka kama niliyeshusha meli nzima Kilindini." Tulidhani ni mtindo wa kusema. Akipanda ngazi zake husimama katikati, akajifanya anakagua ukuta kama una nyufa. Viganja na nyayo vilimwasha, akawa na kitana cha kujikunia, hakitoki mkononi. Na mimi nikamwiga. Kwenye harusi, wanawake wakishachoka kucheza, waliniita katikati: "Masihara, tufanyie mtogaji!" Nikapanda ngazi zisizokuwepo, nikasimama, nikakagua nyufa, nikakuna viganja kwa kitana. Ukumbi ukalala kwa kicheko. Yeye alicheka kuliko wote, akijifuta machozi kwa mtandio.

Kumbe kuchoka kule kulikuwa na jina. Nilikuwa nikiwaonyesha watu ugonjwa wake, hatua kwa hatua, mbele ya umati, na hakuna aliyeuona kwa kuwa ulichekesha.

Idi moja, miaka kadhaa baada ya tundu lile, tumbo lake lilikuwa limejaa mbele, miguu imevimba, na weupe wa macho umekuwa manjano. Bi Zuhura, jirani yetu wa ghorofa ya juu, mwenye majibu hata ya maswali ambayo hayajaulizwa, alisema ni kijicho, akamletea jagi la mwarubaini. Mwingine akasema ni sukari. Mimi, kwa kuwa wageni walikuwa wengi na kimya kilikuwa kirefu, nikasema, "Bibi, harusi hukutualika. Sasa hiyo mimba ni ya nani?"

Chumba kizima kikacheka. Akacheka naye. Kisha akasema, pole pole, "Nipeni kiti."

Mamangu ndiye aliyemshika mkono akampeleka hospitali, na ndiye aliyenisimulia. Daktari alisema ni homa ya ini, ile aina ya C. Kirusi hukaa ndani ya damu miaka na miaka bila kubisha hodi, kinalitafuna ini taratibu, nalo linaota makovu hadi linakuwa gumu; ndiyo maana ya maji tumboni na macho ya manjano. Huenda alikipata alipoongezewa damu akijifungua kitindamimba wake, zamani, wakati damu haikupimwa maradhi hayo. Vidonge vipo, na kirusi kinaweza kuondoka. Makovu yaliyofika pale hayangeondoka nacho.

Mama anasema mtogaji hakuuliza atakufa lini. Aliuliza jambo moja tu.

"Hupita kwenye sindano?"

Daktari akasema ndiyo, kikienda kwa damu hakihitaji mlango mkubwa. Mtogaji akakitazama kidole gumba chake, akakifunika kwa mkono wa pili, kama mtu anayemfunika mtoto asione jambo.

Alipotolewa maji tumboni na kuruhusiwa kurudi, aliitia sindano ndani ya mkebe, akautia mkebe kwenye saruji mbichi ya ngazi iliyokuwa ikitengenezwa pale nje. Kisha akavaa buibui akaanza kubisha milango. Mlango kwa mlango, akipumzika kila kituo. "Nina maradhi ya damu. Nilijichoma, kisha nikamchoma mwanao. Mpelekeni akapimwe." Maneno hayo hayo, bila kuyatia sukari.

Na hapa ndipo watu wetu walipokosea kosa ambalo ni sisi tu tungelikosea. Hawakwenda. Si kwa kumchukia. Kwa heshima! Walimkalisha, wakamshika mikono, wakamwambia, "Mungu apishe mbali, wewe ni mama yetu, hukutudhuru kitu." Kwenda kupimwa kungekuwa kumshtaki. Mtoto anayekwenda kupimwa ni kama amemwambia bibi yake, umeniua. Basi wakamsamehe, nyumba nzima nzima, mbio mbio, na walipokwisha kumsamehe wakaona hakuna la kupima.

Nilikuwa naye kwa Bi Zuhura siku moja, nilitumwa vitunguu nikakuta mkutano. Bi Zuhura alimmiminia sharubati ya ukwaju pamoja na machozi. "Wanangu wawili uliwatoga wewe. Nitawapeleka wakapimwe nikuaibishe? Siwezi." Mtogaji akanywa, akaiweka glasi mezani, akaagana. Tukiwa bado mlangoni tukasikia maji. Bi Zuhura alikuwa akiiosha ile glasi. Akaiosha, akaisuuza, akaimwagia maji ya moto ya birika.

Mtogaji akarudi hatua moja ndani. "Zuhura. Glasi mwaiogopa, sindano hamuiogopi."

Maradhi yale hayapiti kwa glasi, wala sahani, wala kukumbatiana. Hospitali walimwambia na yeye alikuwa amewaambia. Lakini kumwosha mtu kwenye glasi hakumvunjii heshima, maana hufanyika akiwa amegeuka.

Kwetu nako mambo yalikuwa hayo hayo. "Huendi," mama akasema. "Utamvunja moyo mgonjwa. Na wewe ni msichana, likijulikana una maradhi ya damu, nani atakuja kukuposa?"

"Kwani sasa nani anakuja?"

Akanirushia mwiko.

Mamake Mwende hakuwa na haya zetu. Aliposikia, siku ya pili yake alimshika bintiye wakaenda kituo cha afya, na mimi nikawafuata na sare ya shule, nikasema mamangu amenituma. Nilikwenda kwa kuwa sina adabu. Sikuwa na ushujaa wowote, nilitaka tu kupata kisa cha kusimulia. Mwende alitoka mzima. Mimi nikamwambia muuguzi, "Yangu itakuwa imeandika cheka kidogo." Akakitazama kipimo, hakucheka.

Kipimo cha kwanza huonyesha tu kama mwili umewahi kukutana nacho. Wengine hukishinda wenyewe. Damu ikapelekwa kupimwa tena, safari hii mama akaitwa, na majibu yakarudi: kirusi kimo. Daktari akasema nimekuja mapema, ini bado zima, ni vidonge vya miezi kama mitatu na wengi hupona kabisa. Mama akauliza kimetoka wapi. "Huenda sindano ile," daktari akasema, "huenda dripu aliyotundikiwa akiwa mdogo. Hakuna atakayeweza kuapa."

Mimi nilikuwa nikilifikiria tone la pili. Lile nililoliomba.

Njiani kurudi mama alilia mpaka Mwembe Tayari, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Usimwambie. Mwache afe na amani yake."

Nikatii siku kadhaa. Haijawahi kunitokea. Nilipita mlangoni kwake kichwa chini, na yeye kutoka dirishani akaita, "Masihara! Mbona huniigi siku hizi?" Nikasema nina mtihani. Ajabu ya dunia: aliyekuwa na kirusi ni mimi, na aliyekuwa na hatia ni mimi vile vile. Nilijiona kama ushahidi unaotembea kwa miguu. Nikinyamaza, atakufa na amani, na Bi Zuhura na wanawake wengine wote watabaki na glasi zao safi. Nikisema, nitakuwa nimeichukua Alhamisi ile moja nzuri nikaigeuza kisu.

Jumamosi moja asubuhi nikapanda ngazi zake. Katikati nikasimama nikajikuta nakagua ukuta. Nyufa zipo, kweli.

Alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, mwembamba wa mikono, tumbo limeanza kujaa tena. Vidonge vyake vilikuwa kando ya mto wa kulalia, karibu na kitana. Nilitaka kuanza na mzaha, nikakosa hata mmoja.

"Sema," akasema. "Mdomo usio na haya ukinyamaza, pana jambo."

"Nilipimwa, bibi."

Akakisukuma kitana kando.

"Mwende hana. Mimi ninacho."

Nilingoja alie. Alinyoosha mkono akaniondolea mtandio sikioni, akalishika lile tundu la juu kwa vidole viwili, akalipapasa kama mtu anayetafuta pindo la nguo kwenye giza.

"Ni mimi niliyekwambia uchome tena," nikasema. "Ni ulimi wangu."

"Ulikuwa mtoto. Mkono ulikuwa wangu."

"Basi nimekusamehe, bibi, yaishe..."

"Ah-ah!" Akaliachia sikio kwa ghafla. "Usinisamehe upesi. Sikiza. Mji mzima umenisamehe, ndiyo maana hakuna aliyepimwa. Msamaha wao ni wa kunifungia mlango. Wewe nidai. Kaa unidai mpaka wamalize kupimwa wote, ndipo uje uniulize kama deni limeisha."

Akanisogezea nafasi kitandani, nikakaa. Nje muuza maji akapita na mkokoteni. Kisha akaniuliza kama dawa nimepewa, nikasema naanza Jumatatu, na kama ini langu lina makovu, nikasema halina. Akavuta pumzi ndefu, ikamkata katikati.

"Nataka kitu kwako, na ukikataa sitakulaumu. Nataka ruhusa nikutaje. Nikisema 'huenda', wananipa sharubati. Nikisema jina lako, watasimama." Akanitazama kwa macho yale ya manjano. "Lakini watasema. Wajua wanavyosema. Na mamako atalia."

Nilimfikiria mama. Nilifikiria glasi yangu ikioshwa kwa maji ya birika nyumba ngapi. Nikafikiria wale wanaowaposa wasichana, watakaonipita kama wanavyolipita duka lililofungwa.

"Hutanitaja," nikasema. Akainamisha kichwa, akakubali. "Nitajitaja mwenyewe. Wewe ukisema utanikosea sifa. Vaa buibui."

Ilituchukua muda mrefu kufika ghorofa ya Bi Zuhura. Alipumzika kila ngazi na mimi nikasimama naye, safari hii bila kumwiga. Bi Zuhura akafungua, akaanza, "Mama yetu, karibu, kwani umejisumbua..." Akatuketisha, akaleta jagi la ukwaju na glasi tatu. Binti zake wawili walikuwa kwenye mkeka wanatazama simu.

Mtogaji alifungua mdomo. Nikamgusa goti.

Nikavua mtandio pale pale mbele yao, nikaonyesha tundu. "Alinitoga huyu," nikasema. "Nimepimwa. Ninacho. Jumatatu naanza dawa. Mimi kwanza."

Hakuna aliyecheka. Ndiyo mara ya kwanza nimezungumza katika nyumba ile bila mtu kucheka. Simu ya mmoja wa mabinti iliendelea kupiga muziki peke yake. Nikachukua glasi, nikanywa nusu, nikampa Bi Zuhura iliyobaki.

Aliishika kwa mikono miwili. Akanitazama, akamtazama mtogaji, ambaye alikuwa amekificha kidole gumba ndani ya ngumi na kuiweka ngumi juu ya paja, akingoja kama mtu aliyekaa kwenye kigoda chake mwenyewe. Akaitazama glasi.

Akainywa yote. Kisha, bila kugeuka, akawaambia wale wawili wa mkekani, "Vaeni. Twende."